Mraba Kifuani mwa Mke Wangu

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili kwa sababu mke wangu alikuwa Mkuria wa upande wa Ntimaru, na mimi ni Mjaluo wa Rodi Kopany. Alipokuja Awendo, nilikokuwa nikifundisha, kushona nguo, hakujua Kijaluo hata cha kuombea maji, na Kikuria changu kilikuwa cha salamu tu. Basi tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukamlea binti yetu wa pekee kwa Kiswahili, na mwishowe ikabidi tujifunze kuugua kwa lugha hiyo hiyo. Hilo la mwisho lilinishinda. Nimefundisha Kiswahili shuleni miaka mingi, lakini siku daktari alipotuambia ni kansa ya titi, tulirudi mpaka nyumbani bila mimi kupata neno la kumwambia. Yeye ndiye aliyesema, akiwa anavua viatu mlangoni, "Mwalimu, chai tunakunywa au hatunywi?"

Aliniita Mwalimu hata tukiwa wawili chumbani. Watu wa soko walimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na jina hilo likamkaa mpaka akawa analiitikia zaidi kuliko lake la ubatizo. Alishona sare za shule. Nikisimama mbele ya darasa asubuhi niliweza kumjua mwanafunzi ambaye kola yake imeshonwa na mke wangu, kwa jinsi ilivyolala shingoni bila kukunjamana. Kivimbe chenyewe alikigundua akiwa anajipima gauni lake mwenyewe la harusi ya rafiki. Utepe wa kupimia ulipita juu yake ukasita.

Walimkata titi la kushoto. Baadaye zikaja dawa za dripu zilizomwangusha nywele, na baada ya hizo tukapelekwa kwenye hospitali kubwa mbali na kwetu kupigwa mionzi. Tulikaa huko majuma kadhaa kwa jamaa yangu. Siku ya kwanza alitoka chumba cha mashine akicheka, jambo ambalo sikulitarajia.

"Wamenichora kama kitambaa," aliniambia. "Mistari kwa wino, kona nne. Na wamenyoosha, Mwalimu! Yule kijana ningempa kazi dukani kwangu."

Ngozi ya kifua ilipiga weusi, ikabambuka kidogo, ikapona. Nywele zikaota, laini kuliko za mwanzo. Akarudi kwenye cherehani yake. Alijishonea titi la kitambaa, akalijaza pamba na mtama kidogo ili liwe na uzito wa kweli, na siku alipolianika juani kwenye mkeka, kuku wa jirani akalidonoa akalitoboa. Binti yetu alimfukuza yule kuku mpaka barabarani, na mke wangu alicheka akashindwa kusimama, akakaa chini kwenye kizingiti akijishika ubavu. Huo ulikuwa mwaka mzuri. Uliendelea hata kidogo zaidi ya mwaka. Nikiulizwa leo ni wakati gani ningependa kurudi, ningesema pale kwenye kizingiti, na kuku akikimbia.

Kisha kikaja kikohozi. Tulikiita mafua, halafu vumbi la malori ya miwa, maana Awendo vumbi hilo halikosekani. Picha za kifua zilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umehamia kwenye mapafu. Daktari wa kliniki ya saratani kule Homa Bay, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba hatutazungumza tena juu ya kupona, tutazungumza juu ya muda na nafuu. Alimwanzishia dawa mpya ya dripu.

Na ile dawa ilifanya kazi. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu ndilo lililofanya yaliyofuata yawe machungu. Baada ya kuwekewa mara ya pili kikohozi kilipungua, akaanza kulala bila kuegemea mito, akakubali kushona sare chache za wateja wake wa zamani. Nilianza tena kumsikia akiimba nyimbo za kwao huku akisukuma kanyagio la cherehani kwa mguu.

Asubuhi moja ya Ijumaa, nikiwa najiandaa kwenda shule, aliniita kutoka chumbani.

"Mwalimu, njoo uone. Nimelalia nini?"

Alikuwa ameketi kitandani, leso imeshuka kiunoni. Kifuani, upande ule uliokatwa, ngozi ilikuwa nyekundu iliyoiva, kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Lakini maji yakimwagika hutiririka, hufuata njia yake. Hii haikufuata njia yoyote. Ilianza chini ya mfupa wa bega ikaenda moja kwa moja mpaka katikati ya kifua, ikakata kona, ikashuka mpaka mbavuni, ikakata kona nyingine ikaelekea kwapani. Ilikuwa mraba. Nje ya mistari ile ngozi ilikuwa yake ya siku zote, nyeusi na nzima.

"Inauma?"

"Inawaka." Alinitazama. "Hukuniwekea dawa yoyote nikiwa nimelala?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Nilipiga simu kliniki. Nikaambiwa nimlete Jumatatu, siku ya daktari wake, na kama homa itapanda kabla ya hapo nimkimbize hospitali yoyote iliyo karibu. Duka la dawa walinipa krimu ya watu walioungua. Kufikia jioni malengelenge yalikuwa yamefumuka ndani ya ule mraba, mengine yamepasuka, na nguo ikawa inagandamana na kifua. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, alichemsha maji ya chumvi, akayapoza, akawa anaibandua nguo kidogo kidogo kwa pamba. Mke wangu aliuma pindo la mto.

Jioni ile ile jirani yetu mmoja, mama wa kanisani, alikuja kumwombea kama alivyozoea. Alipoinua mikono kuomba, mke wangu naye akainua yake, na leso ikafunguka. Yule mama aliona. Sala yake ilikuwa fupi siku hiyo. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, kwa maana alichokiona ndicho ambacho mtu yeyote angekiona: mwanamke mgonjwa aliyechomwa kwa kitu chenye kona, katika nyumba yenye pasi ya makaa mezani na mwanamume mmoja tu.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda shuleni kusimamia masomo ya asubuhi. Nilipoingia chumba cha walimu, mazungumzo yalikatika. Mwenzangu mmoja alinifuata nje akaniuliza kwa upole uliopita kiasi, "Nyumbani kuko sawa?" Nikajibu kuko sawa. Nilikuwa bado sijaelewa. Nilielewa niliporudi mchana nikakuta pikipiki imesimama nje, na kaka ya mke wangu yumo sebuleni, hajaketi.

Huyu ndiye kaka yake mkubwa, mkulima wa Ntimaru ambaye pia hupeleka na kuleta bidhaa za mpakani. Baba yao alipofariki yeye ndiye aliyewalea wadogo zake, na ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari kutoka kwetu. Tuliheshimiana, ingawa hatukuwahi kuwa marafiki. Mfanyabiashara mmoja wa kwao hapo sokoni alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba Mjaluo amemchoma dada yake kwa pasi.

"Shemeji, karibu. Keti," nilisema.

"Sikuja kuketi. Pasi iko wapi?"

Ilikuwa pale pale, kando ya cherehani. Aliichukua, akaigeuza, akapitisha kiganja kwenye tako lake kana kwamba bado angekuta joto.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Kazi yako ni kueleza. Nieleze."

"Sijui, shemeji. Aliamka nayo."

"Mtu analala mzima, anaamka ameungua?"

"Mjomba, baba hajafanya kitu," binti yetu alisema kutoka mlango wa jikoni.

"Nenda nje, mwanangu."

Hakwenda. Tulisimama hivyo watatu mpaka sauti ya mke wangu ikatoka chumbani.

"Kaka. Njoo huku. Njoo na hiyo pasi."

Aliingia na mimi nikamfuata. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta. Alifungua leso akaiweka pembeni. Kwao, kama ilivyo kwetu, ndugu wa kiume hamtazami dada yake namna hiyo, na yule bwana mzima, mwenye wake na wakwe, aligeuka akautazama ukuta.

"Usigeuke," mke wangu alisema. "Umetoka Ntimaru kuja kuona. Ona."

Akageuka. Nilimwona uso ukimlegea. Nafikiri hata habari ya kukatwa titi alikuwa ameisikia tu bila kuielewa, kwa maana alilitazama kwanza lile kovu tambarare, muda mrefu, kabla ya kutazama kidonda.

"Isogeze pasi hapa. Usiniguse, isogeze tu." Akaisogeza. "Pasi ina pua mbele, si unaiona? Hapa pua iko wapi? Na tazama upana. Angenipiga pasi mara ngapi, na mimi nimetulia, mpaka mistari ikutane hivi? Mimi ni fundi, kaka. Mimi mwenyewe siwezi kunyoosha kona namna hii."

Shemeji aliiweka pasi sakafuni.

"Basi ni nini hii?" Sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto.

"Sijui. Jumatatu tunakwenda Homa Bay. Twende wote."

Alibaki mpaka Jumatatu. Alilala kwenye kochi letu, miguu ikining'inia. Alikula alichopika binti yetu na kunawa maji aliyoletewa na binti yetu. Mimi alinijibu nilipomsalimu, basi. Mara kwa mara alikwenda kusimama kwenye mlango wa chumba, akamtazama dada yake amelala, akarudi kukaa. Sijui kama alikuwa anamwangalia yeye au ananiangalia mimi.

Kliniki siku hiyo ilijaa. Zamu yetu ilipofika, mke wangu aliomba kaka yake aingie pia. Daktari alinawa mikono, akafungua bandeji. Aliinama, akatazama mistari kwa karibu bila kuigusa.

"Mama, ulipopigwa mionzi, unakumbuka walikuchora wapi? Nionyeshe kwa kidole. Usiangalie, nionyeshe tu."

Mke wangu alifumba macho. Aliweka kidole chini ya bega akakipeleka mpaka katikati ya kifua, akakata kona, akashuka, akakata kona, akaelekea kwapani. Kidole chake kilipita kwenye ukingo wa kile kidonda hatua kwa hatua, hakikutoka nje wala kuingia ndani. Kilipofika mwisho, daktari alinyoosha mgongo.

"Jambo hili nimelisoma tu," alisema. "Sijawahi kuliona."

Akatoka akarudi na daktari mwenzake mwenye mvi, ambaye alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akasema katika kazi yake yote alikuwa amekutana nalo mara chache mno. Kisha yule daktari kijana akavuta kiti akakaa mbele yetu, akatueleza kwa Kiswahili, akitafuta maneno kama nilivyokuwa nikiyatafuta mimi.

Alisema kwamba ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa nje, lakini kuna kitu hubaki ndani yake. Kwa watu wengi hakileti shida maisha yao yote. Kwa wachache sana, mtu akipewa dawa fulani baadaye, hata mwaka ukiwa umepita, hata zaidi, ngozi ile inaungua upya mahali pale pale mionzi ilipopita, na hapo tu. "Ni kama ngozi imekumbuka," alisema. "Hata jina lake la kidaktari linasema hivyo, kukumbuka."

"Kwa nini yeye?" nikauliza.

"Hatujui, Mwalimu. Ningekudanganya nikisema tunajua."

Shemeji alikuwa ameketi nyuma, kofia mikononi. Akasimama.

"Daktari, mimi ni kaka yake. Nataka kuuliza mbele ya huyu bwana. Kuna mtu amemchoma dada yangu?"

"Hakuna mtu aliyemchoma. Ilikuwa ni tiba, na sasa dawa niliyompa mimi imeiamsha. Kama unatafuta mkono, ni wangu."

Alikaa tena. Nilisikia pumzi yake ikitoka.

Mimi nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshikilia jambo moja tu tangu Jumamosi, kwamba jina langu lisafishwe, na sasa lilikuwa limesafishwa, na kwa dakika chache nilikuwa na furaha ndani ya chumba kile. Mke wangu ndiye aliyekuwa ametangulia kuelewa.

"Kwa hivyo hiyo dawa," alisema polepole, "hutanipa tena."

"Kwa sasa lazima tuisimamishe. Kidonda kiko wazi na kinga yako iko chini. Wadudu wakiingia hapo watakumaliza kabla ya kansa. Kikikauka tutafikiria. Kuna watu waliorudishiwa wakavumilia, kuna ambao iliwarudia vibaya zaidi."

"Lakini kikohozi kimepungua."

"Najua. Nimesikiliza kifua chako. Najua."

"Mapafu yanaitaka na ngozi inaikataa."

Daktari alimshika mkono, ule wa kulia, wa upande mzima.

Tulipewa vidonge vya kutuliza uvimbe, krimu nyingine na bandeji zisizogandamana na kidonda. Shemeji alikuwa amekodi gari la kuturudisha ili dada yake asisukumwe na watu. Tulipofika Rodi Kopany alimwambia dereva asimame, akashuka, akarudi na mahindi ya kuchoma. Akavunja hindi moja katikati, akaninyooshea nusu kutoka kiti cha mbele bila kugeuka. Nikapokea. Tangu Jumamosi hakuwa amekula chochote pamoja nami. Tulikula mpaka Rongo, na mke wangu aliyekuwa amelaza kichwa begani pangu akasema, "Na mimi je?" Shemeji akampa lake lote.

Kidonda kilichukua muda. Binti yetu alikisafisha kila siku kabla ya kwenda shule, na mimi nilishika beseni. Kilianza kukauka kutoka pembeni kuelekea katikati, ngozi ya zamani ikabambuka vipande vipande, na chini yake ikatokea mpya, laini na nyeusi kama masizi. Mraba ulibaki, lakini haukuwaka tena. Aliweza kuvaa blauzi. Shemeji alikuwa akija kila mara kutoka Ntimaru na unga wa wimbi uliosagwa na mama yao, kwa kuwa uji wa wimbi ndio uliopita kooni vizuri. Alikuwa akiukoroga mwenyewe jikoni, mtu ambaye nadhani hakuwahi kushika mwiko maishani mwake, na mke wangu akimkosoa kutoka kitandani: "Kaka, uji una mabonge."

Kikohozi nacho kikarudi. Kilirudi kabla kidonda hakijafunga kabisa, na kwa nguvu. Daktari alijaribu dawa nyingine ya vidonge. Haikusaidia. Tulizungumza juu ya kurudia ile ya kwanza, kwa kiasi kidogo, na vidonge vya kuilinda ngozi. Mke wangu aliomba apewe nafasi ya kufikiri, na tulipokuwa tumekaa nje kwenye benchi akaniuliza ningefanya nini kama ningekuwa yeye. Nilisema ningeijaribu.

"Wewe hukuibandua ile nguo kidondani," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Nipate miezi michache nikiungua, au pungufu ya hapo nikikohoa? Mimi nachagua kukohoa, Mwalimu. Angalau nikikohoa mtoto anaweza kunikumbatia."

Sikubishana naye. Nimejiuliza baadaye mara nyingi kama ilinipasa kubishana, na jibu hubadilika kulingana na siku.

Miezi yake ya mwisho alimfundisha binti yetu kushona kola. Alikaa kwenye kochi na mito mgongoni, akielekeza kwa rula, akikatika pumzi kati ya neno na neno. Siku moja walipokuwa wamepumzika aliniita karibu.

"Wanawake wa kwenu ndio watakaoniosha," alisema.

"Usizungumze hivyo."

"Nani mwingine nitamwambia? Watauona huu mraba. Watasema ulinichoma, ukanificha, nikafa."

"Waseme."

"Sitaki waseme. Waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kama daktari alivyosema. Hata kama hawataamini."

Alifariki asubuhi, mvua ikiwa imetoka kukatika. Kulala hakuweza tena, kwa hivyo nilikuwa nimekaa nyuma yake kitandani, mgongo wake kifuani pangu, ndivyo alivyopata hewa kidogo. Binti yetu alikuwa jikoni akichemsha chai. Nilikuwa nikihesabu maneno ya kumwambia mwalimu mkuu kwa nini sitafika siku hiyo, upuuzi kama huo, na mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka. Kisha haukupanda. Nilingoja. Nilimwita Nyar Kuria, kisha nikamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo nilikuwa sijalitumia kwa miaka. Binti yetu aliingia na kikombe akatuona, akakiweka mezani taratibu, akaja akakaa kwenye miguu ya mama yake.

Tulimzika nyumbani kwetu Rodi Kopany. Wanawake walipoingia kumwosha mimi nilikaa nje chini ya hema, na haukupita muda mmoja wao akatoka, akanitazama, akarudi ndani. Baadaye nikawasikia waombolezaji wakinong'ona nyuma yangu kwa Kijaluo. Nilisikia neno la kuungua. Nilisikia na neno chira, ile laana ya kuvunja mwiko ambayo kwetu husemwa kwamba hummaliza mtu mwili. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitawaambia. Nilisimama. Miguu yangu ilifanya kazi lakini mdomo ulikataa. Niliufungua nikaufunga, nikakaa.

Watu wa Ntimaru walikuwa wameshafika na mama mkwe wangu. Ulipofika wakati wa upande wa wazazi kuzungumza, shemeji alichukua kipaza sauti. Alizungumza Kiswahili ili pande zote zimsikie.

"Kuna alama kwenye mwili wa dada yangu," alisema. "Najua mmeiona, na najua mnasemaje, kwa sababu mimi ndiye niliyesema kwanza. Nilitoka kwangu nikiwa nimeshika rungu chini ya koti. Huyu shemeji yangu hajui hilo, leo ndiyo anasikia. Nilikuja kumpiga."

"Dada yangu alinivulia nguo, mimi kaka yake, ili nione. Alinionyesha kifua. Mtu asifikishwe mahali pa kumvulia nguo ndugu yake ili kumwokoa mume wake. Nilimfikisha mimi." Alijifuta uso kwa kofia. "Alama ile ilitokana na dawa. Nimekaa mbele ya daktari nikasikia kwa masikio yangu. Ni jambo la nadra, huwapata wachache, nasi limetupata. Anayetaka kusema lingine, aje aniulize mimi. Huyu mwacheni amlilie mkewe."

Ndipo nikalia. Mpaka saa ile nilikuwa sijalia mbele ya watu.

Watu walipoanza kutawanyika, mama mkwe wangu alipita karibu na nilipokuwa nimesimama. Kwa desturi zetu zote mbili hatukaribiani, na katika miaka yote ya ndoa hatukuwahi kuzungumza ana kwa ana. Alisimama akiwa amenipa ubavu, macho ardhini, na mimi yangu ardhini.

"Mtoto wangu," alisema kwa Kiswahili chake kichache, "ulishika mtoto wangu vizuri."

Akaendelea na safari yake.

Wapo hadi leo Awendo wanaoamini kwamba nilimchoma. Mzazi mmoja alimhamisha mwanawe kutoka darasa langu. Sababu haikutajwa, lakini niliijua. Binti yetu siku za likizo huenda Ntimaru kwa mjomba wake, na akirudi huniambia maneno mapya ya Kikuria, nami huyaandika ubaoni jikoni.

Majuma machache baada ya mazishi nilikwenda Homa Bay kurudisha dawa zilizobaki, za maumivu na zile krimu ambazo mtu mwingine angeweza kuzitumia. Nilimkuta daktari kwenye ukumbi akitembea haraka. Aliponiona alitabasamu, akatazama nyuma yangu mlangoni.

"Mwalimu! Mama amebaki nje?"

Nilimnyooshea mfuko. Aliupokea, akaushika kwa mikono miwili, na wagonjwa wakawa wanatupita upande huu na huu. Kisha akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akanifanyia nafasi kando yake.